RAM inapita majaribio usiku, mchana inatoa makosa: DDR4 3600 kwenye B450, tatizo ni joto, tRFC au kitu kingine?

#1 Pweza_PC

Wakuu, salaam. Mashine ni Ryzen 5 3600, mazabodi ya B450 yenye sloti nne, RAM 2×8GB DDR4 zilizoandikwa 3200 CL16. Kwa profaili ya XMP (mipangilio ya kasi aliyoihifadhi mtengenezaji ndani ya RAM) hazina shida yoyote, mchana wala usiku. Sasa ziko 3600 kwa taimingi za 16-19-19-39, tRFC 450, DRAM Voltage 1.40, SoC (volti ya upande wa prosesa unaoendesha RAM) 1.10, FCLK (kasi ya Infinity Fabric, njia inayounganisha sehemu za prosesa) 1800.

TestMem5 (programu ya kujaribu RAM) ikiwashwa saa sita usiku inakwenda saa tatu mfululizo bila kosa hata moja. Ikiwashwa saa nane mchana, dakika 40 haziishi kosa la kwanza limeshatoka, halafu linafuatwa na mengine mawili matatu. Siku nne, hali ni ile ile. Chumba kiko Dar, hakina kiyoyozi, feni za kesi ni mbili tu: moja mbele, moja nyuma. Nianze kugusa wapi?

#2 Nyaya_za_Shaba

Joto, mkuu. Kila biti kwenye RAM ni kapasita ndogo sana iliyotiwa chaji, na chaji hiyo huvuja muda wote. Ndiyo maana chipu hujazwa upya: safu zote zinapaswa kupitiwa ndani ya milisekunde 64, kwa amri 8192, yaani amri moja kila maikrosekunde 7.8. Chipu ikipata joto, uvujaji unaongezeka. Biti iliyokuwa inashikilia vizuri usiku, saa nane mchana inafika zamu yake ya kujazwa ikiwa imeshafifia.

Weka feni ipulize RAM moja kwa moja, kisha punguza tREFI (muda kati ya amri moja ya kujaza na nyingine) ili zijazwe mara nyingi zaidi.

#3 Kasuku64

Sahihisho dogo kwa #2. Hiyo tREFI kwenye AM4 (soketi ya Ryzen kama yake) hutaipata kwenye BIOS. Intel wanayo, AM5 wanayo, Ryzen za AM4 hawana. Anachoweza kugusa yeye ni tRFC, yaani muda ambao chipu inapewa kumaliza kujijaza kabla haijapokea amri nyingine.

Na hapo ndipo ninapoona tatizo. 450 kwa kasi ya 3600 ni nanosekunde 250 (kloki halisi ni 1800 MHz, kwa hiyo 450 ÷ 1.8). Hiyo ni nyingi au kidogo? Inategemea chipu. Pweza, fungua Thaiphoon Burner usome ni chipu za nani, ulete hapa.

#4 Pweza_PC

Asante mkuu. Zote mbili ni SK Hynix 8Gb CJR, renki moja (kundi moja la chipu kwa kila stiki). Ziko sloti ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa.

#5 Kasuku64

Sloti umepatia. Sasa tRFC.

Kila aina ya chipu ina tabia yake. Samsung B-die inakubali kushuka hadi karibu ns 160 ukiipa volti, na tCL yake (ile namba ya kwanza ya taimingi) inashuka vizuri kadiri unavyoongeza volti. Micron Rev. E inapanda kasi kirahisi, lakini tRFC yake inabaki juu, kwenye ns 290 hadi 300, na volti haiisaidii. CJR yako iko katikati, karibu ns 260 au zaidi. Wewe uko 250, ukingoni kabisa. Usiku chipu zikiwa za baridi zinavumilia, mchana hazivumilii.

Watu wengi wananakili taimingi za B-die kutoka kwenye miongozo ya mtandaoni na kuzibandika kwenye chipu nyingine. Mashine inawaka, Windows inafunguka, wanadhani imepita.

Weka tRFC 504 (ns 280), usiguse kingine chochote, rudia jaribio la saa nane mchana. Kosa likiendelea, panda hadi 540.

#6 Mzee_wa_Multimita

Kabla ya kulaumu chipu, pima umeme. Mchana viyoyozi na friji za mtaa mzima zinawaka na kuzima. Pawa saplai dhaifu inayumba kwenye 12V, na RAM inapata volti yake kupitia mazabodi, inayolishwa na pawa saplai hiyo hiyo. Kiwango cha ATX kinaruhusu asilimia 5 juu au chini, yaani 11.40 hadi 12.60. Weka multimita kwenye waya wa njano wa molex wakati jaribio linaendelea. Ikishuka chini ya 11.6 mara kwa mara, umeshapata kisa chako.

#7 MwanaMvita

Mzee wetu, kila uzi kwako mchawi ni umeme!

Twende kwa hoja. Pawa saplai nzuri yenye PFC hai (saketi inayosahihisha jinsi umeme unavyovutwa) inapokea 100 hadi 240V na kutoa 12V ile ile. Baada yake kuna saketi ya mazabodi inayoshusha volti hadi 1.40 na kuisahihisha yenyewe maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde. Tone dogo la 12V halifiki kwenye RAM kama tone. Halafu, kama ni umeme, saa moja jioni watu wanapopika na taa zote ziko juu ndipo ungeona makosa mengi zaidi. Pweza hajapima saa moja jioni.

#8 Mzee_wa_Multimita

Umesema "pawa saplai nzuri". Hatujaambiwa yake ni ipi. Hizi za bei ya chini zenye swichi nyekundu ya 115/230 nyuma hazina hiyo PFC hai. Jaribio la saa moja jioni naliunga mkono, alifanye.

#9 Bi_Rehema

Wote mmekwenda moja kwa moja kwenye stiki. Kwenye Ryzen, kupandisha RAM ni kupandisha vitu vitatu pamoja: RAM yenyewe, kidhibiti cha RAM ndani ya prosesa, na Infinity Fabric. FCLK 1800 ni ya kawaida kwa Ryzen 3000, ila si kila prosesa inaifikia kwa SoC 1.10. Prosesa nayo inapata joto mchana.

Tenganisha. Fanya hivi:

Kwanza, rudisha RAM 2133 na uache FCLK 1800. Tesa kwa y-cruncher au Prime95 saa mbili, wakati ule ule wa mchana. Kisha fungua Event Viewer, tafuta WHEA-Logger (rekodi ya makosa ya vifaa). Ukiona tukio namba 19, basi kinacholalamika ni fabric, si RAM.

Pili, geuza: RAM 3600, FCLK 1600. Ucheleweshaji utaongezeka kwa sababu RAM na fabric haviendi tena kwa kasi moja, lakini hapa hatupimi mbio. Makosa yakibaki, fabric haina hatia.

Kama ni fabric, ongeza SoC kidogo kidogo, 1.125 kisha 1.15. Usivuke 1.20 kwa matumizi ya kila siku. VDDG (volti ya fabric) iache chini ya SoC kwa angalau milivolti 40 hadi 50, maana inatokana nayo. Ukiweka zote 1.10, VDDG haipati hiyo 1.10 hata kama BIOS inaionyesha.

#10 Tanga_Hitisinki

Kuna jambo moja halijaguswa: jaribio la usiku na la mchana si mwasho mmoja. Kila mashine inapowashwa, mazabodi inapima upya njia za umeme kati ya prosesa na RAM na kujichagulia thamani. Ukiacha ProcODT na Rtt (ukinzani wa umeme upande wa prosesa na upande wa RAM) kwenye Auto, inawezekana usiku ilichagua seti moja na mchana nyingine. Watu wanaita "RAM ina siku zake". RAM haina siku, ni Auto.

Fungua ZenTimings (programu inayoonyesha thamani hizo) mara tu baada ya kuwasha, piga picha ya skrini. Zima, chomoa waya, subiri dakika kumi, washa, piga tena. Fanya mara tano. Picha zikitofautiana kwenye ProcODT, RttNom, RttWr au RttPark, zifunge kwa mkono. Kwa renki moja stiki mbili kwenye Ryzen 3000, anzia ProcODT 36.9 au 40, na kama haitulii jaribu 43.6 na 48.

#11 Kasuku64

#10 hoja nzuri, ila siku nne mfululizo usiku ipite na mchana ianguke? Bahati nasibu haina ratiba hiyo.

#12 Tanga_Hitisinki

Upimaji wenyewe unafanyika kwa joto la wakati huo, mkuu. Mashine iliyozima tangu jioni ikiwashwa usiku inapima ikiwa ya baridi. Mchana inapima ndani ya chumba cha nyuzi 32. Ratiba ndiyo hiyo.

#13 Mgeni_Kariakoo

Samahani kuingilia. Mimi natumia OptiPlex ya ofisini, zile zilizotumika Ulaya, ina i5 ya kizazi cha 7 na RAM moja ya 8GB 2400. Naweza kuipandisha hadi 3200? Nimetafuta XMP kwenye BIOS sijaiona.

#14 MwanaMvita

Hutaiona, ndugu yangu. BIOS za mashine za ofisini, iwe OptiPlex au EliteDesk, hazina sehemu ya volti wala taimingi za RAM. Na hata ungekuwa na mazabodi ya dukani, Intel wa miaka hiyo walizuia: chipseti za H na B zilibaki kwenye kasi rasmi ya prosesa, Z peke yake ndiyo iliyofunguliwa. Mlango ulifunguka kwa B560 na H570, kisha B660. H510 na H610 zilibaki zimefungwa.

Ukichomeka RAM ya 3200 itashuka yenyewe hadi 2400. Faida yako iko kwingine: ongeza stiki ya pili ya 8GB 2400. Stiki moja ya 2400 inapitisha GB 19.2 kwa sekunde, mbili kwenye chaneli mbili GB 38.4. Hakuna ovakloki itakayokupa ongezeko la namna hiyo, tena kwa gharama ndogo na bila hatari yoyote.

#15 Mgeni_Kariakoo

Shukrani. Na wenye A320 je?

#16 Bi_Rehema

A320 inazuia kupandisha prosesa, lakini kupandisha RAM mazabodi zake nyingi zinaruhusu. Kama una prosesa yenye grafiki ndani, mfano 3400G au 5600G, hapo ndipo kasi ya RAM inapoonekana kwa macho, kwa sababu grafiki inakula RAM hiyo hiyo. Chaneli mbili kwanza, kasi baadaye. Kwa kazi za Word na mahesabu usijisumbue, hutaona tofauti.

#17 Mlinganyo

Nimesoma tangu #1 na nina wasiwasi na jambo moja: hakuna aliyemuuliza Pweza kama Windows yake na kazi zake ziko kwenye diski hiyo hiyo anayojaribia. RAM isiyotulia haiui mashine. Inaua mafaili, kimyakimya. Faili linasomwa, biti moja inageuka, linaandikwa tena diskini likiwa limeharibika, na hutajua mpaka mwezi wa tatu utakapolifungua. Ndiyo maana naandika kirefu.

Chukua nakala ya kazi zako uweke nje ya mashine. Diski ya data ichomoe kabisa waya. Kisha fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `powercfg /h off`. Sababu: Windows ikizimwa kwa kawaida haizimi yote, inahifadhi kiini chake kwenye hiberfil.sys na kukirudisha ukiwasha. Kama kiini kilichafuka RAM ikiwa mbovu, utarudisha taimingi za kiwandani na uchafu utabaki, utalaumu RAM isiyo na kosa. Ukimaliza kila kitu, `powercfg /h on`.

Tafuta pini za CLR_CMOS au JBAT1 kwenye mazabodi kabla hujazihitaji. Mashine ikikataa kuwaka, iache ijaribu yenyewe mara tatu hadi tano. Mazabodi nyingi zitajirudisha kwenye 2133. Isiporudi, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha mara kadhaa chaji iishe, gusanisha pini zile kwa bisibisi sekunde 10. Kama hazipo, toa betri ya CR2032 dakika tano.

Anza kwa kuthibitisha XMP. Ndiyo, XMP nayo ni ovakloki: kiwango cha JEDEC (shirika la viwango vya RAM) kwa DDR4 ni volti 1.2, XMP inakwenda 1.35. MemTest86 kwenye flashi, nje ya Windows, mizunguko minne, ambayo ndiyo mwisho wa toleo la bure. Kosa moja hapo, simama, usipandishe kitu.

Kisha tafuta kasi ukiwa na taimingi zilizolegea. Weka 20-22-22-42, tRFC 630 (hiyo ni ns 350 kwa 3600, kiwango cha JEDEC kwa chipu za 8Gb), volti 1.40. Panda 3333, 3466, 3600. Kila hatua dakika 20 za jaribio. Ukifika kasi unayoitaka, ndipo unabana taimingi, moja moja: tCL, halafu tRCD, tRP, tRAS. Ukiwa na Gear Down Mode imewashwa, tCL ya 15 inageuzwa 16, kwa hiyo usijidanganye kwamba umeshusha. CJR kwenye tRCD haisikii volti, ikigoma 18 iache 19. Baada ya hapo tRFC, kisha tRRD (muda kati ya kufungua safu moja na nyingine) na tFAW (dirisha la kufungua safu nne). tFAW isishuke chini ya mara nne ya tRRD_S: 6-8-24 ni salama kuanzia, 4-6-16 ni ya kubana.

Badilisha namba moja, jaribu, andika kwenye daftari. Ukibadilisha tano kwa pamoja na kosa likatoka, umepoteza siku nzima.

Jaribio la mwisho ni refu na la joto: TestMem5 mizunguko yote, kisha y-cruncher kwa ajili ya kidhibiti, kisha TestMem5 tena huku grafiki kadi ikifanyishwa kazi. Stiki hazina ubaridi wao wenyewe, zinapata hewa ya moto inayotoka kwenye grafiki kadi.

#18 Nyaya_za_Shaba

Hilo la grafiki kadi ndilo la msingi. TestMem5 peke yake haiwashi kadi, kwa hiyo hata jaribio la usiku la Pweza ni jepesi kuliko saa moja ya mchezo.

#19 Kizito_OC

Mnazunguka sana. Weka 1.5V, tRFC hiyo hiyo 450 itakaa. DDR4 inavumilia 1.5 bila tatizo, kila mtu anaweka.

#20 Mlinganyo

Hapana, mkuu. Kwenye kiwango cha JEDEC cha DDR4, 1.5V imeandikwa kama ukomo wa juu kabisa wa kutovukwa, si ya kufanyia kazi. Ni kweli ziko RAM zinazouzwa na profaili ya 1.5 na zaidi. Hizo ni B-die zilizochaguliwa, zenye hitisinki nzito na mnunuzi aliyetarajiwa kuweka feni. CJR hainufaiki hivyo. Unaongeza volti, unaongeza joto, na joto ndilo tunaloshuku hapa. Unaweza kutoka kwenye kosa kila dakika 40 ukaingia kila dakika 20. Kwa chipu hizi, 1.35 hadi 1.40, na 1.45 kama kuna hewa ya kutosha.

Jambo jingine: 1.40 ya BIOS si lazima iwe 1.40 kwenye stiki. Soma HWiNFO. Zipo mazabodi zinazozidisha milivolti 10 au 20.

#21 Kizito_OC

Nimekusoma. Nilikuwa na B-die kichwani.

#22 Ziwa_Kivu

Na unyevu wa pwani? Meno ya RAM na sloti yanashika utando. Chomoa, futa meno kwa kifutio cha penseli, chomeka tena. Mara nyingi makosa ya ajabu yanaishia hapo.

#23 Tanga_Hitisinki

Kusafisha sawa, kifutio hapana. Dhahabu ya meno yale ni nyembamba mno, kifutio kinaikwangua na kuacha vumbi la mpira ndani ya sloti. Tumia isopropili ya asilimia 99 na kitambaa kisichotoa nyuzi, futa kwa mwelekeo mmoja kutoka juu kuelekea ncha, acha dakika tano ikauke. Sloti ipulize tu, usiingize kitu.

Ila mguso mbaya kwa kawaida hutoa makosa mengi kwa mkupuo, au stiki moja inapotea kabisa na mashine inaonyesha 8GB. Makosa mawili matatu baada ya dakika 40 hayafanani na hayo.

#24 Ziwa_Kivu

Kwa kawaida, ndiyo. Meno yanatanuka kwa joto pia. Kuyasafisha hakumgharimu kitu, afanye tu.

#25 Simba_wa_Tano

Ninyi wa DDR4 mnateseka. DDR5 ina ECC ndani ya chipu, inajirekebisha. EXPO (kama XMP, ila ya AMD) 6000 CL30, bonyeza, endelea na maisha.

#26 Bi_Rehema

Hiyo ECC inarekebisha biti moja ndani ya chipu yenyewe. Kosa likitokea njiani kati ya chipu na prosesa halionekani nayo, na ukipandisha kasi njia ndiyo inayoanza kuchoka. Ubaya wake ni kwamba inaficha dalili za mwanzo: unaona mashine imetulia kumbe chipu inajirekebisha mfululizo. Kwa hiyo DDR5 inataka majaribio marefu zaidi.

Na EXPO si ya kubonyeza na kusahau. Mwaka 2023 kulikuwa na Ryzen 7000 zilizoungua kwenye soketi, hasa za X3D, kwa sababu mazabodi zilikuwa zinapandisha SoC kupita kiasi EXPO ikiwashwa. AMD wakaweka ukomo wa 1.30V kupitia apdeti za BIOS. Mwenye BIOS ya zamani aapdeti kabla ya kuwasha EXPO, kisha ahakiki SoC kwenye HWiNFO. Mara ya kwanza skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa ikipima RAM. Usiizime ukidhani imekufa.

#27 Simba_wa_Tano

Asante dada. SoC yangu inasoma 1.25. Tuwaachie uzi wenyewe.

#28 Kasuku64

Pweza, kimya chako kirefu. Tuambie.

#29 Pweza_PC

Nilikuwa kwenye majaribio, wakuu. Diski ya data imechomolewa, `powercfg` imezimwa, meno yamesafishwa kwa isopropili. Yote haya ni kati ya saa nane na saa kumi na moja alasiri, jaribio moja kwa siku:

Siku ya 1, kila kitu kama mwanzo baada ya kusafisha meno: kosa dakika ya 52.

Siku ya 2, RAM 2133 na FCLK 1800, y-cruncher saa mbili: hakuna kosa, hakuna WHEA 19.

Siku ya 3, taimingi zile zile, mlango wa kesi wazi, feni ya mm 120 ikipuliza stiki: saa tatu, hakuna kosa.

Siku ya 4, mlango umefungwa, feni imetolewa, tRFC 504: saa tatu, hakuna kosa.

Siku ya 5, tRFC imerudi 450, ProcODT imefungwa 40 (Auto ilikuwa inachagua 36.9 mara tatu na 43.6 mara mbili katika miwasho mitano), mlango umefungwa: saa tatu, hakuna kosa.

Stiki hazina kihisi cha joto. Nilibandika waya wa kihisi cha multimita juu ya chipu ya katikati kwa mkanda unaovumilia joto: nyuzi 51 mlango ukifungwa, 39 feni ikiwepo. AIDA64 (programu ya kupima kasi ya RAM) inasoma GB 28 kwa sekunde za kuandika na zaidi ya 50 za kusoma. Hiyo ya kuandika kuwa nusu ni dalili?

#30 Mlinganyo

Kuandika usijali. Ryzen 3000 yenye chipleti moja inaandika baiti 16 kwa kila kloki ya fabric na kusoma baiti 32. 16 × 1800 ni GB 28.8. Ndivyo ilivyoumbwa.

#31 Nyaya_za_Shaba

Nyuzi 51 dhidi ya 39, na kosa likatoweka. Nilisema joto.

#32 Kasuku64

Joto lile lile la 51, tRFC ikaongezwa, kosa likatoweka. Joto ni mazingira tu, kilichokuwa kimebanwa ni tRFC.

#33 Tanga_Hitisinki

Joto lile lile na tRFC ile ile 450, ProcODT ikafungwa, kosa likatoweka. Na Auto imekamatwa ikichagua namba mbili tofauti. Siku ya 3 na ya 4 hatujui ilichagua ipi.

#34 Mzee_wa_Multimita

Siku tano, hakuna 12V iliyopimwa hata mara moja. Na makosa ya siku ya 1 yalikuja kwenye dakika ya 52, si ndani ya 40.

#35 Bi_Rehema

Jaribio moja kwa kila badiliko halitoshi kwa kosa linalochukua dakika 50 kujitokeza. Pweza, fabric tumeiondoa, tushukuru. Yaliyobaki fanya hivi: ProcODT irudishe Auto, washa upya hadi ZenTimings isome 43.6, tRFC 450, mlango ufungwe, grafiki kadi ifanye kazi pamoja na TestMem5. Rudia ikisoma 36.9. Kisha zote mbili tena kwa tRFC 504. Kila moja siku mbili. Andika joto la chipu kila dakika 15, na multimita ya pili, kama ipo, ikae kwenye waya wa njano kwa ajili ya Mzee.

#36 Pweza_PC

Multimita ya pili naazima kesho. Naanza na 43.6.